Nta ya Mishumaa Kwenye Bafu la Mama Mkwe

"Muuaji!!"

Wifi yangu Glory alinikwida mbele ya majirani wote. Nyuma yake mama mkwe wangu, Mama Paskalia, alikuwa anashushwa kwenye bajaji kutoka hospitali, mkono umefungwa POP. Kaanguka bafuni. Bafu nililolitengenezesha mimi!

"Umemwekea mama mawe afe, urithi nyumba!"

"Glory niachie, utanichania nguo!"

"Mama kavunjika mkono, wewe unawaza nguo?"

Nikamgeukia mume wangu, Dennis. Ninyi mnaosoma, mnajua yule mwanaume aliniambia nini?

"Faraja, funga mizigo. Kesho nakurudisha kwenu Dakawa."

Miaka sita ya ndoa, jamani!

Sasa nisikilizeni... Bafu la zamani lilikuwa na marumaru za kung'aa, zikilowa kidogo tu unaenda chini. Mama ana miaka sabini na moja. Ndiyo maana nikachagua mawe ya asili, yale ambayo hayajasuguliwa, yanayokwaruza mguu. Fundi Castory akayakata vipande vidogo ili maungio yawe mengi, mguu ushike. Akaweka mteremko maji yasituame. Akapaka na dawa ya kuzuia jiwe lisinywe maji. Kazi safi kabisa! Halafu mimi ndiye muuaji?

"Siendi popote," nikasema. "Muiteni fundi. Mawe yakiteleza, mizigo nafunga mwenyewe."

Asubuhi Castory akaja. Akavua viatu, akamwaga maji, akakanyaga.

Mguu ukateleza! Aliponea kwenye fremu ya mlango.

"Mmeona?" Glory akapiga makofi. "Mmeona?"



Lakini Castory akachuchumaa. Akatoa kisu, akakwangua jiwe. Ukatoka utando mweupe, unajikunja. Akaunusa, akampa Dennis naye anuse.

"Mafuta ya taa," Dennis akasema.

"Na nta ya mishumaa. Kuna mtu kaipaka humu. Mawe hayana kosa."

Nikamrukia Glory. "Ni wewe! Ulitaka nifukuzwe!"

"Mimi? Nimekuja juzi, hata ndoo sijui inakaa wapi!"

"Mwongo mkubwa wewe!"

"Mwache mwanangu."

Alikuwa mama, kasimama koridoni na POP yake.

"Nimepaka mimi."

Mama akayanyooshea mawe kidole.

"Miaka thelathini nimesugua sakafu za misheni kule milimani. Masista walikuwa wananipa vipande vya mishumaa, nayeyusha na mafuta ya taa, napaka, sakafu inang'aa mpaka unajiona sura. Hayo mawe yako yamefubaa. Jumuiya ilikuwa inakuja kusali hapa. Nikaona aibu."

"Sasa mama, jana mbona ulinyamaza wakati natukanwa?"

Akanikazia macho.

"Kwani wewe hunyamazi? Tangu Pasaka hata shikamoo yako siisikii."

Nikafungua mdomo nimjibu. Castory akaniwahi.

"Lakini dada Faraja, siku namaliza kazi si nilikuagiza? Mwambie bibi, mawe haya ni maji ya uvuguvugu na sabuni laini tu. Asipake nta, itateleza. Asimwage siki wala dawa ya choo, jiwe litaharibika. Nilikwambia mara mbili!"

Macho yote kwangu.

Na ni kweli, wapendwa. Aliniagiza! Ila mimi na mama tulikuwa tumenuniana, kisa mchicha. Mchicha! Nilimpikia bila karanga, akausema mbele ya wageni, nikaapa simsemeshi. Nikajiambia, akiuliza nitamwambia. Hakuuliza.

Dennis hakunirudisha Dakawa. Hakuniomba msamaha pia. Aliniletea brashi na ndoo ya maji ya moto, akaondoka.

Nimekwangua bafu zima nimepiga magoti, kipande kwa kipande. Mama kavuta stuli hadi mlangoni, ananiangalia.

Wewe uliyemnunia mtu mnayeishi naye nyumba moja, nuna utakavyo. Lakini jambo la kumvunja mkono mwambie, hata kwa karatasi mlangoni! Mimi nilibana mdomo nimkomoe, aliyevunjika ni mzee wa watu.

Nilipofika kipande cha mwisho nikaweka brashi chini.

"Shikamoo mama."

Akainama kwenye stuli, akakagua sakafu.

"Pale kwenye kona bado," akasema. "Marahaba."