Matanga ya Mama Furaha

Basi linanuka mazutu, jasho na mpira uliochomeka; hilo kila mtu wa Majengo analijua. Lakini basi lililoitwa Mama Furaha lilinuka karafuu maiti. Rachid aliisikia harufu hiyo asubuhi moja alipokuwa anampandisha mkewe Nasiba, akakunja pua, akajiambia labda abiria mmoja amebeba dawa ya nondo. Kujidanganya hakulipiwi kodi.

Rachid alikuwa fundi wa simu, lakini mapenzi yake yote yalikuwa kwa mabasi. Kila jioni yeye na wenzake walikaa kwenye benchi kando ya parkingi, wakijadili mabasi kama wengine wanavyojadili mpira: lipi limekata breki, lipi limelala mtaroni, shofere gani hajui gia ya mlimani. Mwalimu Ferdinand, mtu wa Masisi, alikuwa bingwa wa ajali. Umtajie kona yoyote, atakuambia ni basi gani liliangukia hapo na kwa nini. Kambere ndiye aliyeendesha Mama Furaha, basi kuukuu lililopewa jina na abiria wenyewe. Ndilo pekee lililoteremka Keshero alfajiri, na huko Nasiba alinunua sambaza, vile visamaki vya ziwani, aje avikaange na kuviuza. Bila basi hilo hakuna biashara.

Goma gari haliharibiki, linakufa. Mama Furaha lilipokufa msimu wa mvua, fundi mwenyewe akanawa mikono na kwenda zake. Ndipo wapenzi hao wa mabasi, kwa utani wenye uchungu ndani yake, wakafanya jambo ambalo hata mlevi angelifikiria mara mbili. Walitandika mkeka kando ya basi, wakaweka matanga. Nasiba wakamketisha katikati awe mfiwa. Akajifunika kitenge, akalia kwa mbwembwe zote: "Mama Furaha, umeniachia naani?" Watu wakacheka hadi wakatoa machozi. Katikati ya kilio hicho Kambere akajaribu ufunguo mara ya mwisho, injini ikawaka, na wote wakakurupuka kulipanda wakishangilia. Mkeka ukaachwa vile vile, umetandikwa.

Tangu hapo basi lilikufa kila siku, na ndani yake kukaanza kunuka karafuu maiti.

"Miye nimechoka," Kambere alisema jioni moja benchini. "Pompe ni mupya, batri ni mupya. Inakufa pale inapenda."

"Ni barabara," Ferdinand akasema. "Haya mawe ya volkano inakula gari."

"Barabara hailiake, Mwalimu." Kambere alitazama nyuma kabla ya kuendelea. "Ku kiti ya nyuma kuko mama analia. Nikigeuka, kiti iko wazi."

Rachid akakasirika. Alikasirishwa na Kambere kwa kusema hivyo, na mwenye basi, ambaye alipoelezwa alijibu kwamba wapiga soga wa benchini ndio wanaomharibia mali. Akarudi nyumbani na hasira yake, akamkataza Nasiba kupanda tena.

"Nitapanda nini?" Nasiba akamuuliza. "Mugongo yako?" Kisha akakaa, sauti ikamshuka. "Rachid, ule mama anakaaka nyuma yangu. Ananiuliza kama nimemaliza kulia."

Siku iliyofuata Rachid akapanda naye. Wakati wa kurudi, wakipanda mlima wa Keshero, basi likafa kama kawaida, abiria wakashuka wakilaani, Kambere akaingiza gia na kuweka jiwe kubwa nyuma ya gurudumu, na Nasiba akapita nyuma ya basi na beseni lake kichwani, na hapo Rachid akasikia kwikwi, kwikwi za mwanamke aliyelia mpaka sauti ikakauka, zikitoka kwenye kioo cha nyuma ambako hapakuwa na mtu, na harufu ya karafuu maiti ikamjaa kooni, na lile jiwe likasogea lenyewe pembeni, taratibu, kama limesukumwa kwa ncha ya mguu, na basi likarudi nyuma bila mlio wowote kuelekea mgongo wa mkewe. Alimvuta kwa kitenge. Beseni likabaki chini ya gurudumu, limekuwa bapa.

Hapo wakamwendea Mama Mwanaheri, aliyekuwa akiosha maiti za wanawake Waislamu wa Majengo. Mama alifika parkingi, akanusa mlangoni mwa basi, akakataa kupanda.

"Mulikuwa munalilia naani hapa?"

"Gari tu, mama," Rachid akanong'ona. "Tulikuwa tunacheka."

"Gari haina kilio. Mulitandika mukeka, mukaita jina ya mutu, mukalia, kisha mukaondoka bila kuvunja matanga. Jini akakuta kilio haina maiti, akasema hii nafasi ni yangu."

Rachid aliona aibu hadi masikioni. Matanga hayaachwi wazi. Hata mtoto wa Majengo analijua hilo.

"Tutavunja leo, jua ikiwa ingali juu," Mama Mwanaheri akasema. "Mufiwa akae pale alikaa. Mwisho nitauliza naani anabakia na jina ya marehemu. Kwetu, mutu wa familia ndiye anaitika. Nyinyi, kimya. Jina ya mutu isitoke mu kinywa, ule mutataja ndiye atachukua jina ya marehemu. Jini akiona hana ndugu, ataenda."

Wakautandika mkeka palepale, mbele ya basi. Nasiba akakaa katikati, safari hii bila mbwembwe. Mama akasoma dua, akafukiza udi, lakini karafuu maiti ikaumeza udi wote.

"Naani anabakia na jina ya marehemu?"

Ferdinand alifumba macho, Kambere aliushika ufunguo ndani ya mfuko, Rachid aliuma midomo, na kwikwi zikaanza ndani ya basi, zikatoka kiti cha nyuma, zikapita kiti kwa kiti mpaka kwenye usukani, na usukani ukazunguka kidogo, na basi, ambalo halikuwa na mtu wala moto ndani yake, likaanza kuja kwenye mkeka, na Nasiba hakuinuka, alilitazama tu kama mtu anayemtazama mgeni aliyemtarajia, na gurudumu likakanyaga ukingo wa mkeka.

"Nasiba!"

Ilikuwa sauti ya Rachid. Basi likasimama hapo hapo.

Mama Mwanaheri alijiziba mdomo kwa ushungi. "Umemutaja," akasema polepole. "Niliuliza, na weye ukajibu."

Lakini nani alimsikiliza? Harufu ilikuwa imeondoka. Kambere aliruka ndani, akatia ufunguo, na injini ikawaka safi kama siku ilipotoka kiwandani. Watu wakapiga vigelegele, Ferdinand akacheza akirusha mikono yake mifupi. Rachid akapiga magoti mkekani, akamshika mkewe mabega, akamwita Nasiba, akamwita tena. Mwanamke hakumgeukia.

Kambere alishuka akicheka, akalipigapiga basi kwenye boneti.

"Aksanti, Mama Furaha."

"Abee," mke wa Rachid akaitika.