Mwanya Katika Jino la Nyanya

Kila jioni, baada ya duka lao la vitambaa kufungwa mjini Kisii, Tanvi na nyanya yake Sumitra walitembea pamoja hadi nyumbani kwao, mtaa wa Nyanchwa. Njiani Nyanya alimwinamia mjukuu wake na kumsimulia vituko vya wateja kwa sauti ya chini, nao wakacheka mpaka mlangoni. Mama yake Tanvi alifariki Tanvi akiwa mchanga. Nyanya ndiye aliyemlea.

Nyanya alikuwa na jino moja la kupandikizwa. Daktari alikuwa ameingiza chuma kidogo ndani ya mfupa wa taya, kisha akafunga jino bandia juu yake kwa skrubu. Alimwagiza arudi kupimwa mara kwa mara. Hata hivyo, jino halikumsumbua, na dukani kulikuwa na shughuli nyingi, basi hakurudi.

Katika likizo ya Aprili, Tanvi alianza kusikia harufu mbaya kila Nyanya alipomwinamia. Nyanya alipiga mswaki asubuhi na jioni, na mwenyewe hakuisikia. Tanvi alimweleza rafiki yake Ashley, ambaye alimwonya kwamba kumwambia mtu mzima jambo kama hilo ni utovu wa adabu.

Basi Tanvi akanyamaza. Akawa anatangulia njiani. Nyanya alipotaka kumbusu, Tanvi aligeuza uso. Alipoulizwa kama kuna jambo, alisingizia kazi nyingi za shule. Polepole Nyanya akaacha kumwita. Jioni moja Tanvi alimsikia jikoni akimwambia Baba, huku akilia, kwamba huenda mtoto amekua na sasa anamwonea haya.

Tanvi alirudi chumbani na kufunga mlango.

Muda si mrefu, Nyanya aliamka shavu likiwa limevimba, hawezi hata kunywa chai. Baba aliwapeleka wote wawili kwa daktari wa meno, Daktari Nyabuto. Daktari aliligusa lile jino, likacheza. Usaha ukatoka kwenye ufizi.

Alieleza kwamba skrubu ilikuwa imelegea na kuacha mwanya mdogo usioonekana kwa macho. Mate na viini vya maradhi viliingia humo, vikaleta harufu na usaha, kisha vikaanza kuula mfupa. Akauliza kama kuna mtu nyumbani aliyesikia harufu. Nyanya alitikisa kichwa.

“Mimi niliisikia,” Tanvi alisema, macho yakiwa sakafuni. “Tangu likizo. Niliogopa kusema.”

Nyanya alimgeukia. “Kumbe ndiyo maana ulinikimbia,” alisema, sauti ikikatika. “Nilidhani umenichoka.”

Daktari alisema kwamba kama wangekuja mapema, angefungua jino, akalisafisha na kuweka skrubu mpya. Sasa mfupa ulikuwa umeliwa sana. Ilibidi chuma kitolewe, na taya halingeweza kushika kingine. Nyanya angetumia jino la kuvaa na kuvua.

Baada ya chuma kutolewa, kidonda kilipona, na maumivu yakaisha. Lakini Nyanya alikuwa na aibu. Kila alipozungumza alifunika mdomo kwa ncha ya sari yake. Siku moja Tanvi alikaa karibu naye na kumwomba msamaha, machozi yakimtiririka.

“Kosa si lako peke yako,” Nyanya alisema. “Daktari aliniambia nirudi, nami nikapuuza kwa kuwa sikusikia maumivu. Mwili unaweza kuharibika kabla haujauma.”

Akamshika mkono.

“Lakini unisikilize, Tanvi. Ungeniambia ukweli kwa upole, ningeona haya siku moja tu. Uliponyamaza, nililala kila siku nikiamini sina tena mjukuu. Kulikosa jino nimezoea. Kukukosa wewe nilishindwa kuzoea.”

Tanvi alimkumbatia Nyanya na kuuweka uso wake karibu kabisa na wake. Safari hii hakuugeuza.