Kidole Kwenye Jani la Boga

Giza lilikuwa linaanza kuingia mtaani Morotonga wakati Nchagwa aliporudi kutoka karakana yake ya kuchomelea vyuma, mkononi ana betri za tochi alizoagizwa na mkewe. Gati alikuwa jikoni akisonga ugali. Kamera yake ilikuwa mezani, haijazimwa.

Gati alikuwa anajifunza kupiga picha za vitu vidogo kwa karibu sana. Alianzia ndani, kwa punje za chumvi na dengu, kisha akahamia bustanini kwa wadudu. Kila jioni alipiga magoti kati ya maboga, jicho kwenye kamera, mpaka mwanga uishe. Nchagwa hakuwahi kumfuata huko. Aliona ni mchezo wa kupoteza muda.

Sasa akaichukua kamera, akaanza kupekua picha. Siafu. Buibui. Nyigu...

Mkono ukakwama.

Pembeni mwa picha kulikuwa na kidole gumba. Kimelishika jani la boga ili upepo usilitikise.

Akatazama picha nyingine. Kidole kilekile. Na nyingine...

Kidole cha mwanamume.

Wivu ukamwingia. Yeye anashinda na cheche za moto mjini, kumbe kuna mtu anapiga magoti na mkewe nyumbani kwake. Akamwonyesha Gati, akamuuliza ni nani huyo, kwa sauti ya chini ili majirani wasisikie.

Gati akamtazama.

"Si wewe?"

Akaeleza. Kila jioni, akiwa amezama kwenye kamera, husikia hatua nyuma yake, kisha mkono unakuja na kushika jani. Hageuki, kwa sababu akigeuka mdudu anaruka. Siku zote alidhani ni mumewe amerudi, anamsaidia kimya kimya, halafu anarudi karakana kumalizia kazi.

"Nilifurahi," akasema polepole. "Nilijua umebadilika."

Neno hilo lilimchoma Nchagwa kuliko kidole chenyewe.

Akaikuza picha. Vidole vyake yeye vimejaa makovu ya moto. Hiki hakikuwa na kovu. Hakikuwa hata na mistari ya ngozi. Laini, kama jiwe la mtoni.

Kesho yake alimwendea jirani yao, bibi Mokami, akamwamkia shikamoo na kumweleza yote. Bibi alisema kiwanja chao kilikuwa cha mtu aitwaye Mwikwabe, na kwamba alizikwa hapohapo, kaburi lisilo na alama. Wapo waliosema alirogwa kwa ajili ya mwanamke. Wengine walisema yeye ndiye aliyekuwa mchawi. Zaidi ya hapo bibi hakutaka kuendelea. Aliuliza tu kama Gati ameshaanza kuongea na huyo Mwikwabe.

Jioni hiyo Nchagwa alirudi mapema. Akapiga magoti kando ya mkewe, akalishika jani yeye mwenyewe. Upepo ulivuma. Mkono ukamtetemeka.

"Unatikisa," Gati akanong'ona.

Ikaja harufu ya udongo mbichi, na mvua haikuwa imenyesha kwa wiki nyingi. Kitu cha baridi kikamgusa vidole. Kikavibandua kwenye jani, kimoja... kimoja... taratibu, kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu.

Jani likatulia.

Nchagwa alijikuta mlangoni, hajui amefikaje. Akawasha taa ya nje, akamwita mkewe. Akamwita tena.

Gati hakugeuka.

"Zima taa, Nchagwa," akasema kwa upole. "Inatusumbua."