Kadi Iliyolegea

Kila Jumapili, nguo zikishaanikwa, mshonaji aliwasha kompyuta. Alizungumza kwa video na dada yake, aliyeishi nchi ya mbali. Dada alikuwa mgonjwa sana, lakini utani haukumwisha.

"Bado unashona, au unajidunga vidole tu?" dada aliuliza.

"Afadhali mimi najidunga mwenyewe. Wewe ulipokuwa unashona, uliwadunga wateja!"

Kisha familia ikahama nyumba. Kompyuta ilibebwa nyuma ya pikapu, ikarushwarushwa njia nzima. Walipoiwasha, iliwaka vizuri, ila mtandao haukuwepo.

Mumewe, aliyekuwa mpaka rangi, alibadilisha waya. Wapi! Akaifuta Linux yote, mfumo unaoiendesha kompyuta, akaiweka upya. Wapi!

"Tumwite yule jirani fundi," mkewe alisema.

"Ya nini? Kesho itakubali."

Kesho ikazaa kesho. Jumapili zikapita. Halafu mpwa wao akapiga simu.

"Mama mdogo, mama amezidiwa. Hawezi kusema tena. Anaitazama kompyuta tu."

Mshonaji hakumuuliza mumewe. Alikwenda kwa jirani, fundi wa kompyuta, machozi yakimtoka. Fundi aliacha chakula mezani, akamfuata.

Aliandika neno moja kwenye kompyuta: lspci. Orodha ikatokea.

"Hivi ni vifaa ambavyo kompyuta inaviona ndani yake," alisema. "Kadi ya mtandao, inayoiunganisha na intaneti, haimo. Ingekuwemo, tungetafuta programu ya kuiendesha. Lakini kama haionekani kabisa, programu haitasaidia. Tufungue."

Alizima kompyuta, akachomoa waya wa umeme. Akagusa chuma cha kasha, ili umeme wa mwilini usiunguze vifaa. Ndani, kadi ilikuwa imekaa upande. Aliitoa, akapangusa vumbi, akairudisha na kuikandamiza mpaka ikakaa sawasawa. Akaifunga kwa skrubu.

Walipowasha, kadi ilikuwemo kwenye orodha. Taa yake ndogo ikawaka.

"Kumbe ni hilo tu?" mpaka rangi aliuliza.

Mshonaji akapiga kwa video. Uso wa dada ukatokea, umekonda, umelala juu ya mto.

"Dada, ni mimi. Unanisikia?"

Midomo ya dada ilicheza kidogo, na chozi likateremka hadi sikioni. Mshonaji alimsimulia habari za nyumba mpya, dirisha lake, majirani zake, mpaka dada akasinzia.

Jumanne alifariki.

"Nimekunyima siku zako na dada yako," mumewe alisema, ameinamisha kichwa.

"Umeninyima. Ningaliisikia sauti yake."

Kisha mshonaji akaongeza, "Siku nyingine, tukishindwa, tuulize mapema."

Miezi ilipita. Jumapili moja mtandao ulikatika tena. Mpaka rangi alisimama. "Nikamwite fundi?"

"Ngoja kwanza nitazame." Mshonaji aliandika lspci mwenyewe. Kadi ilikuwemo. Akakagua nyuma ya kasha: waya wa mtandao ulikuwa umechomoka. Akauchomeka.

Akapiga, na mpwa wake akatokea, peke yake kwenye chumba kile kile alimougulia mama yake.

"Mama mdogo, nilidhani hupigi leo."

"Nipo, mwanangu," alisema mshonaji, akavuta kiti karibu.