Alama Mikononi mwa Katoto

"Dada yako asijue, sawa? Akijua tu, tumekwisha!"

Jamani… hiyo ni sauti ya mume wangu. Chumbani kwa mdogo wangu. Mlango umerudishwa!

Mkasi wa kushonea ukanidondoka.

Huyo mdogo wangu tunamwita Katoto, ingawa ana miaka ishirini na minane. Ana ulemavu wa akili. Mambo huyaelewa polepole, na anamwamini kila mtu. Tangu mama atutoke, mimi ndiye mama yake. Barabarani namshika mkono. Sokoni namshika mkono. Binadamu hawaaminiki!

Sasa huyu wa ndani kwangu…

Nikamvuta Katoto pembeni, nikampandisha mikono ya blauzi. Mikono yote miwili imevimba, alama tupu hadi karibu na kiwiko.

"Nani kakufanya hivi?"

"Hakuna."

"Shemeji yako?"

Akacheka. Akacheka, wapendwa! "Ni siri, dada."

Na mume wangu, joto lote hili, anashinda na shati la mikono mirefu. Siku alipojisahau akalikunja ili aoshe vyombo, nikaona. Naye ana alama zilezile! Nikajua tu: mtoto wa watu anajitetea. Kikulacho ki nguoni mwako.

Jumamosi akaaga. "Nampeleka Katoto kununua viatu."

Viatu gani kila Jumamosi, na miguuni ndala ni zilezile?

Nikafunika cherehani, nikawafuata. Wakaingia kwenye ukumbi mmoja nyuma ya gereji. Nikasubiri kidogo nje, roho juu. Mara nikamsikia Katoto anapiga kelele!

Sikuuliza mtu. Nikasukuma mlango, nikakimbia hadi alipo, nikamdaka mkono.

Mpira ukaanguka puu! mbele yetu.

Filimbi ikalia. Ukumbi mzima ukanigeukia.

Kumbe… watu wamevaa jezi. Wavu umefungwa katikati. Mume wangu, jezi imembana kitambi, ananitazama kama kuku aliyenyeshewa.

Kocha, mama mmoja mpole, akanisogelea. "Dada, hii ni timu ya mpira wa wavu. Watatu wana ulemavu wa akili, watatu hawana, wanacheza pamoja. Hizo alama ni za kupokea mpira. Wote wanaoanza kucheza wanazipata."

Nikamgeukia mume wangu. "Kwa nini umemleta kwa siri?"

"Nimemleta? Mimi ndiye niliyeletwa! Kocha alipita kwenye darasa lake la kusuka vikapu, Katoto akajiunga mwenyewe. Wakapungukiwa mtu, akaja kunivuta. Huyu ndiye kapteni wangu! Wiki iliyopita kaniweka benchi!"

Aibu niliyoiona, acheni tu.

"Katoto… mbona hukuniambia mimi?"

Safari hii hakucheka.

"Dada, huu mpira unachezwa kwa mikono miwili."

Akautazama mkono wake. Nilikuwa bado nimeushika.

Nikauachia. Machozi yakanitoka palepale mbele za watu.

Refa akawapa wapinzani pointi, kosa langu mimi. Katoto akanionyesha benchi kwa kidole. "Kaa pale. Usiingie tena!"

Ndipo nilipo sasa hivi, nawaandikia. Wenye ndugu kama wangu, sikieni: mlinde, mchunge, ulizia kila kitu. Lakini mikono yake mwachie.

Halafu mume wangu kakosa tena mpira, na kapteni anamfokea vizuri sana!