Aliyevaa Koti la Mteja

Fundi cherehani alikuwa amelala chali katikati ya duka lake, amevaa koti lisilo lake.

Lilikuwa koti la rangi ya kutu, lenye miraba mikubwa myeupe, na mkono wake wa kushoto ulikuwa bado umeshikizwa kwa pini. Risasi mbili zilikuwa zimeingilia mgongoni, karibu karibu kiasi kwamba kiganja kimoja kingetosha kuyafunika matundu yote mawili. Ilikuwa saa tano na robo asubuhi.

Inspekta alichuchumaa. Matone ya damu yalianzia nje barazani, yakapita kizingitini, yakaishia hapo. Mtu alipigwa juani, kisha akabebwa ndani. Akautazama uso wa marehemu.

Macho yalikuwa yamefumbwa. Chini ya kichwa palikuwa na jora la kitambaa, limewekwa kama mto. Mikono ilikuwa kifuani, mmoja juu ya mwingine.

"Nani amemgusa?"

"Hakuna, afande," alijibu koplo wa alama za vidole. "Tumemkuta hivi hivi. Muuaji ana adabu, huyu."

Inspekta hakucheka. Katika miaka yake yote ya kazi alimjua mtu mmoja tu ambaye hakuweza kumwacha maiti akitazama dari. Walikuwa wameketi meza moja kwa miaka sita, na kila mara alimgombeza, "Unaniharibia ushahidi!" Naye kila mara alijibu, "Wewe chukua ushahidi, mimi niache nimsitiri mtu." Kituoni walimwita Kimya. Miaka mitatu iliyopita alihamishiwa kikosi kisicho na kibao mlangoni. Tangu hapo Inspekta alikunywa chai peke yake, na bado alikiweka kikombe chake pembeni mwa meza, kana kwamba kuna mwingine atakayehitaji nafasi.

Watu wengi hufumba macho ya maiti, alijiambia. Akanyanyuka.

Mjane, aliyeitwa kutoka nyumbani, alikuwa chumba cha nyuma, amekaa kando ya meza ya kupigia pasi.

"Koti ni la nani, mama?"

"La mteja. Alikuwa alifuate leo saa nne. Hakutokea."

"Mbona mumeo alilivaa?"

"Alivaa kila nguo kabla haijatoka. Alisema nguo iliyotundikwa ni mwongo. Basi anaivaa, anatoka barazani kutazama rangi ya uzi kwenye jua, anatembea hatua kumi kama mwenye nguo. Mtaa mzima unamcheka."

"Hata magauni ya harusi?"

Mjane alitabasamu, na tabasamu lile ndilo lililomliza. "Hayo alinivika mimi. Nimekuwa bi harusi mara mia mbili, afande, kwa bwana yule yule." Akajifuta kwa upindo wa kanga. "Sitaki pole za watu. Niambie tu nani kamuua, na kwa nini. Nisije nikazeeka nauliza."

"Nitakuambia," alisema Inspekta, na akaijutia ahadi ile ikiwa bado mdomoni.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na kinyozi, anafagia nywele ambazo hazikuwepo.

"Saa nne ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa. Nanyoa."

"Unamnyoa nani?"

"Mteja."

"Yuko wapi?"

"Kaondoka nusu kichwa, afande. Risasi zimelia, kakimbia na shuka langu shingoni. Sijui watu wanamwonaje huko aliko."

"Basi ulisikia. Uliona nini?"

"Dada'angu, mimi nina watoto."

"Na yeye ana mke. Unamsikia?"

Kinyozi alisikiliza. Ufagio ukasimama.

"Gari jeusi, halina namba," alisema kwa sauti ya chini. "Kashuka mmoja, kofia mpaka puani. Fundi alikuwa amempa mgongo, anaangalia mkono wa koti. Mara mbili tu, basi. Halafu yule bwana kamgeuza, kamtazama usoni. Kakaa chini, afande. Vumbini, kama mtu aliyekatwa miguu. Kasema, 'Si yeye.' Wenzake wanapiga honi, wala hajali. Kambeba kwanza ndani."

Inspekta alifunga daftari. Sasa hakuwa na pa kujificha.

Alipofika kituoni, mkuu wa kituo alikuwa ndiyo kwanza anaweka simu chini, polepole, kama inamuunguza.

"Andika majambazi."

"Majambazi wameiba nini, mzee? Mkasi?"

"Usinifanyie mzaha, binti yangu. Mwenye koti lile ndiye anayedaiwa kulipua soko. Sheria ya dharura inamruhusu Rais kutia sahihi ili mtu kama yule auawe popote atakapoonekana. Sahihi ikatiwa. Pakatokea makosa. Yamekwisha."

"Ilitiwa sahihi ya kumuua fundi?"

Mzee alisugua paji la uso. "Hapana."

"Basi nina maiti na sina jibu."

"Una mpaka jioni," alisema mzee bila kumtazama. "Baada ya hapo watakuja kulichukua faili. Mimi niko chooni, sikukuona."

Inspekta aliketi mezani pake. Akabonyeza namba aliyoijua kwa moyo na ambayo hakuwa ameipiga kwa miaka mitatu.

"Najua," ilisema sauti upande wa pili. "Nakuja."

Alifika saa tisa alasiri. Alikuwa amekonda, na ndevu za kidevuni zimeanza mvi. Alikitazama kiti chake cha zamani, akakipita, akaketi kile cha watuhumiwa. Inspekta alijikuta akitaka kumuuliza kama amekula.

"Si lazima useme lolote," alisema badala yake. "Utakalosema litaandikwa na linaweza kutumika kama ushahidi."

"Bado unalisema vizuri."

"Kwa nini fundi?"

"Jalada lilisema koti la miraba, duka lile, leo saa nne. Koti lenyewe moja tu mji mzima. Nani angejua kwamba fundi hulivaa kwanza?"

"Mke wake alijua. Kinyozi alijua. Mtaa mzima ulijua. Mngeuliza."

"Sisi hatuulizi. Hiyo ndiyo tofauti ya kule na hapa."

"Ulikwenda huko kutafuta nini, Kimya?"

"Unakumbuka soko. Niliokota viatu vya watoto nikavijaza kapu. Kisha shahidi wetu akatishwa, kesi ikafutwa, na yule mtu akatoka mahakamani anapunga mkono. Nikasema, basi, awepo mmoja huko juu mwenye uwezo wa kumaliza. Tumemchagua wenyewe. Anaona taarifa tusizoziona. Wengine watakufa mikononi mwetu tukisubiri mashahidi. Kuna siku bado naamini hivyo."

"Na leo?"

"Leo nimemgeuza mtu nikamkuta ana pini mdomoni. Nilizitoa moja moja. Zisimchome."

Inspekta aliinamisha kichwa. "Hapa pia tunakosea. Lakini tukikosea, mtu anapata nafasi ya kusema 'si mimi'. Fundi angeihitaji sekunde moja tu. Rais hakuwa nayo ya kumpa, maana hakuwepo. Alikuwepo karatasini."

"Ndiyo."

Aliiweka kalamu chini. Nje kulikuwa na watu wanaongea, wanacheka. "Nenda," alisema taratibu. "Mlango uko wazi. Ukisema ulitumwa, hakuna atakayekugusa. Nitaandika majambazi. Utarudi kwako, na mimi nitajua tu kwamba upo mahali."

"Sheria inanilinda kwa yule aliyeandikwa. Fundi hakuandikwa popote." Kimya aliisogeza kalamu kuelekea kwake. "Nimeua watu tisa. Kila mara nasubiri mtu aniulize. Narudi nyumbani, nakula, nalala, hakuna anayeniuliza. Nimeikumbuka meza hii mpaka nikaumwa. Na wewe nimekukumbuka zaidi, lakini hilo usiliandike. Niulize. Niulize kama unavyomuuliza mtu yeyote."

Akamuuliza. Yalitoka maelezo ya onyo kurasa nne.

"Nani alitoa amri?"

"Rais."

"Sahihi uliiona?"

"Kwa macho yangu. Nikaonyeshwa, kisha karatasi ikarudishwa kwenye kabrasha. Sina nakala. Neno langu tu."

"Litakuponza."

"Andika."

Akaandika. Mtuhumiwa wa kwanza akamtaja kwa kazi yake, wa pili akamtaja kwa cheo chake. Akapiga mhuri. Faili akampa koplo alipeleke kwa mwendesha mashtaka kwa miguu, kabla jua halijazama, na asimkabidhi mtu mwingine hata akiwa na nyota ngapi begani.

Kisha akampigia mjane.

"Ni wawili, mama. Mmoja alifyatua, akidhani mumeo ni mwenye koti. Mwingine alitia sahihi bila kumwona mtu yeyote. Wa kwanza ninaye hapa."

"Na wa pili?"

"Nimemwandika. Akikataa kuja kujibu, utajua kwamba aliitwa."

"Huyo uliye naye," aliuliza mjane, "ndiye aliyemwekea jora kichwani?"

"Ndiye."

Mjane akakata simu.

Utaratibu wa mahabusu ni ule ule kwa wote: mkanda, saa, kamba za viatu. Kimya alijaribu kuinama, lakini pingu alizofungwa baada ya maelezo zilikuwa zimeunganishwa na kiti, mikono haikufika. Koplo hakuwepo.

Inspekta alizunguka meza akapiga magoti mbele yake. Katika miaka sita hawakuwahi kukaribiana hivyo. Alizifungua kamba fundo moja baada ya jingine, taratibu kuliko kazi yenyewe ilivyohitaji, na hakuna aliyewaharakisha.