Herufi Moja Iliyomchukua Mdogo Wangu

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na minne. Sina mume, sina mtoto, na katika fleti yangu ya vyumba viwili hapa Bukoto, Kampala, sauti inayosikika zaidi ni ya redio ya jirani. Wanaonijua hunionea huruma, wakidhani jeshi lilininyang'anya mdogo wangu. Hata mama yangu mzazi, tuliyemzika Mombasa mwaka juzi, aliondoka duniani akiamini kwamba Yusufu alikamatwa barabarani na kutupwa ndani ya lori kama vijana wengine wa wakati ule.

Si kweli, wasomaji wenzangu... Hakukamatwa. Nilimpeleka mimi, kwa miguu yangu, na shati lake nililipiga pasi mwenyewe!

Nawaombeni mnisikilize mpaka mwisho ndipo mnihukumu.

Baba yetu alikuwa polisi, Mkristo kutoka West Nile. Mama alikuwa Mwislamu wa Mombasa. Tulikulia kwenye nyumba za polisi, na Kiswahili nilikinyonya kwa mama pamoja na maziwa yake. Baba alipofariki, mama akarudi kwao. Mimi nilikuwa tayari na kazi, kwa hiyo Yusufu, akiwa na miaka kumi na miwili, akabaki nami ili asome. Siku ya kuagana mama alinishika mkono akaniambia, "Rukia, huyu ndiye mboni ya jicho langu. Nakukabidhi wewe."

Nilimwambia asiwe na wasiwasi. Maneno rahisi kuyasema, sivyo?

Kampala ya siku zile Kiswahili kilikuwa lugha ya askari. Raia walikiogopa. Lakini serikali ya wanajeshi ilipokifanya lugha ya taifa, makarani wengi walihangaika kutafuta mwalimu, na mimi nikawa mwalimu. Basi nikavimba kichwa! Mnajua Waganda wengi hawatofautishi herufi ya l na ya r. Mtu anakuja na "habali" yake, nami namkatiza hapo hapo, "Si habali, ni habari! Rudia!" Nilimrudisha mtu mara kumi, mbele za watu, hata awe na mvi. Jina langu lenyewe waliligeuza kuwa Lukiya, na nikiitwa hivyo nilinyamaza kama sikusikia. Mji mzima, ni Yusufu peke yake aliyeniita dada Rukia, kwa sauti ile ile ya mama.

Sasa niwaambie siri ya darasa langu. Vyama vyote vya siasa vilikuwa vimepigwa marufuku, na mtu akishukiwa tu alipotea. Lakini chama chetu hakikufa. Watu wanane walikutana kila Alhamisi mchana katika chumba changu cha mbele, kila mmoja na daftari lake, na ubaoni nimeandika "kiti, viti." Buti zikisikika kwenye ngazi, sote tuliimba, "Kiti kimevunjika, viti vimevunjika!" Askari walichungulia, wakacheka, wakaenda zao. Nani angemshuku mtu anayejifunza lugha ya jeshi?

Kiongozi wetu alikuwa fundi cherehani mmoja tuliyemwita Salongo, yaani baba wa pacha, na mkewe tulimwita Nalongo. Wote wawili ni Waganda, watu wapole wa Bwaise. Halafu kulikuwa na Erasto, karani kijana, mwenye maneno matamu, suruali yake imenyooka... Alikuwa amenitamkia uchumba, bado kwa maneno tu. Nilimpenda. Sioni haya kulisema hilo, haya nilizimaliza zamani.

Vita na Tanzania vilipopamba moto, amri ikatoka kwamba vijana wajiandikishe jeshini. Asiyejiandikisha atafuatwa. Malori yalipita Bwaise yakizoa vijana, na kule sokoni Kikuubo wachukuzi walitupa magunia wakakimbia. Hapo ndipo chama chetu kilipopasuka!

Salongo alisema hatuwezi kuwatoa watoto wetu wakafe kwa ajili ya utawala unaotuua sisi. Wafichwe, wavushwe Busia waingie Kenya. Erasto akapinga. Alisema waende wote, wajifunze bunduki kwa gharama ya serikali, na siku ikifika wazigeuze. Alituita waoga. Alhamisi mbili watu walikaa mabenchi mawili kama maharusi wanaogombana, huyu hamtazami yule. Wawili wakaacha kabisa kuja.

Mimi nilikuwa upande gani? Upande wa Erasto, bila shaka. Na Yusufu alikuwa ametimiza miaka kumi na tisa.

Mwishowe tulikubaliana kwamba Salongo akashauriane na wenzetu wa matawi mengine, na atakaloleta litafuatwa na wote. Darasa lilikuwa limeanza kuchunguzwa, kwa hiyo jibu lingepelekwa nyumba kwa nyumba kwa neno moja la siri. Wakaniomba mimi, mwalimu, nichague maneno. Loo, nilivyojiona mjanja! Nikawaambia, uamuzi ukiwa ni kujiandikisha, neno litakuwa "kalamu." Ukiwa ni kuvuka mpaka, neno litakuwa "karamu," kwa sababu wangesafiri kama watu waendao harusini. Yanafanana, nikasema, askari akisikia atachanganyikiwa.

Salongo alikuna kichwa. Aliniuliza kwa upole kama maneno hayo hayatatupa taabu sisi wenyewe. Nikamjibu mbele ya watu kwamba taabu itampata asiyefanya mazoezi yake ya nyumbani. Wakacheka. Naye akacheka kidogo, akainamisha kichwa.

Jumanne saa sita mchana Nalongo akapanda ngazi, kikapu cha matoke kichwani. Alikuwa akigeuka nyuma kila mara, maana chini barabarani askari walikuwa wakikagua vitambulisho. Alianza kunisalimu kwa Kiganda. Nikamkatiza! Nilikuwa na sheria kwamba mlangoni kwangu ni Kiswahili tu.

Maskini mama wa watu akajikaza. "Mwalimu Lukiya, Salongo ametuma mimi. Anasema ni kalamu. Kesho asubuhi, kijana avae nguo muzuli, asichelewa." Akageuka, akashuka haraka.

Kalamu.

Wasomaji, nilijua. Ndani kabisa ya moyo wangu nilijua kwamba mwanamke yule hajawahi hata siku moja kuitamka r baada ya a. Mimi ndiye niliyekuwa nikimcheka kwa hilo! Ningeweza kumwita, ngazi hazikuwa nyingi. Ningeweza kumwuliza kwa Kiganda, nakijua. Kwa nini sikuuliza? Kwa sababu neno lile nililitaka. Lilimaanisha Erasto ameshinda, na kwamba atakuja kwangu akitabasamu. Nilisikia nilichotaka kusikia.

Yusufu aliporudi nikamweleza. Alikaa kitini. Kisha akaniuliza kama Nalongo alisema kwa l au kwa r. Nikamwambia kwa l. Akasema, "Dada Rukia, lakini Nalongo maneno yote mawili anayasema kwa l. Nenda kaulize tena."

Nikafoka! Nikamwambia kati yetu mwalimu ni mimi. Nikamwuliza kama anaogopa, kama anataka watu waseme dada yake ana mdogo mwoga. Akainuka kwenda kutafuta shati lake. Alikuwa mtoto wa kutii, na utii ule nilimfundisha mwenyewe.

Asubuhi nilimpigia pasi shati jeupe, lile la kwendea sala ya Idi, maana si tuliambiwa avae nguo nzuri? Hata hilo halikunifumbua macho. Nilijiambia wakubwa wa jeshi wanapenda vijana nadhifu. Nikamchomekea kalamu yangu ya wino mfukoni. Tukatembea pamoja mpaka uwanja wa kuandikishia. Vijana wengine walikuwa na fulana zilizochanika, wakamcheka kwamba bwana harusi amefika. Aligeuka mara moja kunitazama. Nikampungia mkono, nikaondoka nikijisifu moyoni.

Kabla ya saa sita nikasikia mlango unagongwa kwa fujo. Nalongo huyo, kitenge kimemlegea, anahema! Alitaka kujua Yusufu yuko wapi, wenzake walimsubiri kwenye basi la Busia mpaka likaondoka. Sikumwelewa. Nikamwambia Yusufu ameshajiandikisha, kama walivyotuagiza.

Alinikodolea macho. Kisha akapiga kelele, "Kalamu, Mwalimu! Kalamu ya halusi! Ya pirau!" Akaweka mkono mdomoni, anaonyesha kula. "Kalamu!"

Nikakaa sakafuni.

Nyumba nyingine zote aliwaambia kwa Kiganda, "embaga," yaani sherehe, na wote walimwelewa. Ni mlango mmoja tu Kampala nzima uliomlazimisha kusema Kiswahili. Na watoto wa milango ile mingine walivuka salama. Mpaka leo wako hai, wana watoto wanaomwita Nalongo bibi... nami nina nini?

Nikamwuliza Erasto yuko wapi, angenisaidia kumtoa. Nalongo aliangalia pembeni. Akasema kwa sauti ndogo kwamba Erasto ndiye aliyekaa kiti cha Yusufu. Ndiyo, Erasto! Aliyetuita waoga, aliyetaka watoto wa wenzake wote waende! Alitokea kituoni na begi lake, akaona kiti kiko wazi, akaingia. Hakuniachia hata salamu.

Nilikimbia uwanjani pekupeku. Malori yalikuwa yamekwisha ondoka kuelekea Masaka, kwenye mapigano. Nilimlilia askari wa getini, nikamweleza kwamba mtoto ameandikishwa kwa makosa, nikamsihi kwa Kiswahili kizuri kuliko chote nilichowahi kusema. Akanisikiliza, akatikisa kichwa kwa mshangao. "Mama, Kiswahili yako muzuri sana!" akasema. "Lakini hao nakwisha kwenda. Rudi nyumbani." Maisha yangu yote nilikuwa nikipenda kusifiwa hivyo.

Miezi ile ya kungoja siwezi kuisimulia yote. Nilibandika sufuria ya watu wawili, nikala peke yangu, nikamwaga kilichobaki. Utawala ulipoanguka watu walicheza barabarani, na mimi nilikuwa nikipita kati yao nikitazama kila sura. Baadaye kijana mmoja wa Bwaise akarudi kwa magongo, mguu mmoja hana. Alikuwa kundi moja na Yusufu. Aliniambia walifundishwa siku chache tu, na sare hazikutosha. Yusufu alikwenda vitani na shati lile lile jeupe... Linaonekana mbali, shati jeupe. Walimwacha kando ya barabara ya Masaka, hakuna aliyejua kaburi lake wala kama alizikwa.

Akaniambia pia kwamba Yusufu alikuwa akiwaandikia barua wenzake wasiojua kuandika. Kila jioni walipanga foleni. Siku aliyosema sasa anamwandikia dada yake, wino ulikuwa umekwisha.

Mama nilimwandikia kwamba alikamatwa na lori. Alinijibu kwa kunifariji, akasema si kosa langu. Barua ile ninayo. Mara nyingi nilitaka kwenda Mombasa nikamwambie ukweli, nikafika mpaka stesheni mara mbili, nikarudi. Sasa amekufa, na hakuna tena wa kumwambia ila ninyi.

Chama nacho kilitoka hadharani. Niliwahi kusimama kwenye mkutano wao nikamwona Erasto jukwaani, amenenepa, anahutubia kuhusu "vijana wetu tuliowatoa." Watu wakapiga makofi. Nikatoka taratibu, sikurudi tena kwa chama wala kwa mwanamume yeyote.

Salongo alikufa bila kunilaumu hata kwa jicho. Nalongo bado yupo. Huniletea matoke kila baada ya siku chache, anayaweka mlangoni, ananisalimu kwa Kiganda, nami namjibu kwa Kiganda. Tangu siku ile hajatamka neno la Kiswahili, kwangu wala kwa mtu mwingine. Anaamini ulimi wake ndio uliomwua Yusufu. Nimemwambia mara nyingi kwamba ni masikio yangu. Hanisikii.

Ndugu zangu wasomaji, hasa ninyi mlioelimika, msimcheke mtu kwa anavyosema. Mkimcheka ataogopa kurudia, na nanyi mtaona aibu kuuliza. Wazee walisema kuuliza si ujinga, nami nilikuwa nikiufundisha msemo huo darasani! Na neno likikufurahisha kupita kiasi, hapo ndipo uulize mara mbili. Msikubali watoto wenu wafe kwa hoja za watu ambao wao wenyewe wameshafunga mabegi.

Ualimu niliuacha. Juzi nikiwa sokoni muuza nyanya mmoja aliniita kwa mbali, "Mama Lukiya!" Zamani ningepita. Siku hizi hakuna aliyebaki wa kuniita Rukia, kwa hiyo niligeuka, nikaitika, nikamwomba arudie alichosema ili nihakikishe nimemsikia.